Dawa ya kifafa inaongeza mishtuko ya asubuhi kwa binti yangu: ni nini kinachoendelea ndani ya ubongo?

Mzazi wa Chanika ameandika:

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimesoma mada kadhaa za zamani humu kuhusu kifafa lakini sikukuta jibu la jambo linalonisumbua, hivyo naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo yangu.

Binti yangu ana umri wa miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Tunaishi Chanika na shule yake ipo Ilala, kwa hiyo huamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala kabla makonda hawajaanza kuwakataa wanafunzi. Mwaka jana, kuanzia mwezi wa nane hivi, alianza kuangusha vitu asubuhi. Anakuwa ameshika kikombe cha chai, ghafla mkono unaruka kama wa mtu aliyeguswa na umeme, chai inamwagikia sare na kikombe kinapasuka. Mimi na mama yake tulimkemea sana kwa sababu tulidhani ni usingizi na uzembe, na nakiri mbele yenu kwamba siku moja nilimwekea chai kwenye kikombe cha plastiki cha mdogo wake ili aone haya.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, asubuhi iliyofuata baada ya kukesha kwenye msiba wa babu yake, alianguka sebuleni, akakakamaa, kisha akatikisika mwili mzima. Mimi niliona kama imepita nusu saa, ingawa shemeji yangu aliyekuwapo anasema hazikuzidi dakika mbili. Aliuma ulimi na kujikojolea, kisha akalala usingizi mzito hadi mchana. Wiki tatu baadaye akaanguka tena. Hospitalini tulihojiwa kwa muda mfupi, ikapigwa picha ya CT-Scan iliyoonekana safi, akaandikiwa kabamazepini. Hakuna aliyeuliza kuhusu vikombe, nasi hatukusema, kwa kuwa hatukujua kwamba vikombe vinahusika.

Sasa hivi yuko wiki ya saba ya dawa. Hajaanguka tena, lakini mishtuko ya mikono, ambayo zamani ilimjia mara moja au mbili kwa wiki, sasa inamjia kila asubuhi, wakati mwingine mitatu minne mfululizo, na juzi mswaki ulimtoka mkononi ukagonga kioo. Shemeji anasema mwili umeikataa dawa na kwamba mtoto apelekwe akasomewe. Jirani yetu mmoja anasema ubongo wake umepungukiwa na kemikali fulani, naye anauza virutubisho vya kuirudisha.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Je, ni kweli kwamba kuna kemikali iliyopungua na inaweza kurudishwa kwa kumeza kitu? Inawezekanaje dawa ya kifafa ikaongeza kile inachopaswa kukizuia? Na je, nimwachishe dawa hii huku nikitafuta ushauri?

Naishi Nacho ameandika:

Pole sana mzazi mwenzangu. Nina kifafa tangu nikiwa darasa la sita na sasa nina miaka 34, kwa hiyo nitajibu lile swali la tatu tu na mengine nawaachia waliosomea. Tafadhali usimwachishe dawa kwa ghafla, hata kama una uhakika kwamba haimfai.

Mimi natumia fenobabitoni. Miaka kadhaa iliyopita dawa iliadimika kwenye kituo ninapochukulia, na duka la mtaani lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Nikajiambia kwamba nimekaa miezi 14 bila kuanguka, siku nne haziwezi kunidhuru. Siku ya tano nilianguka mara tatu kati ya asubuhi na magharibi, na mara ya pili nilikuwa nakoroga ugali. Jiko lilikuwa la mkaa, liko chini sakafuni. Dada wa chumba cha pili alinikuta mkono ukiwa juu ya jiko, na baadaye aliniambia kwamba waliokuwa uani walisita kunigusa kwa kuogopa povu la mdomoni wasije wakaambukizwa. Kovu linaanzia kwenye kifundo cha mkono na kuishia karibu na kiwiko. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, wala mkojo, wala ushuzi, lakini imani hiyo ndiyo iliyouacha mkono wangu motoni kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

Daktari alinieleza kwamba ubongo unaotulizwa na dawa kwa miaka huizoea hali hiyo na kulegeza vitulizo vyake wenyewe, hivyo dawa ikiondoka ghafla unabaki bila cha kuuzuia. Inapobidi kuacha au kubadili, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, tena chini ya usimamizi.

Mfamasia wa Zamu ameandika:

Naunga mkono kila neno la Naishi Nacho. Mzazi, niruhusu nianze na ile picha ya CT-Scan, maana naona imewapotosha wengi. Picha ile huonyesha umbo la ubongo, yaani uvimbe, kovu, damu iliyovuja au vifuko vya tegu. Haionyeshi kemikali wala umeme, kama ambavyo picha ya nyumba haiwezi kukuambia kwamba LUKU imeisha. Picha safi haimaanishi kwamba mtoto haumwi, wala haimaanishi kwamba ana mapepo. Kipimo kinachogusa umeme wenyewe ni kile cha kubandika vinasa umeme kichwani, ambacho Mjerumani Hans Berger alikitumia kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na hata hicho kinaweza kutoka safi siku ambayo ubongo umetulia.

Sasa nije kwenye kemikali. Ubongo una chembe za neva takribani bilioni 86. Kwa sehemu kubwa chembe hizo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo mno, na ujumbe huuvuka mwanya huo ukiwa umebebwa na kemikali. Zipo kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zenye kazi kubwa kwenye mada hii. Glutameti huichochea chembe inayofuata ipige umeme, na GABA huituliza. Chembe zenye afya hupokezana, kila moja kwa zamu yake. Kifafa kinapompata mtu, maelfu kwa maelfu ya chembe hupiga pamoja, kama abiria wa Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni ambao, badala ya kupanda mmoja mmoja, wote wanaparamia mlango na madirisha. Tukio hilo mara nyingi hujizima lenyewe, na mojawapo ya sababu ni kwamba chembe zikifanya kazi kupita kiasi hurundika kemikali nyingine iitwayo adenosini, ambayo huutuliza ubongo. Mara nyingi hufuatiwa na usingizi mzito kama ule uliouona baada ya msiba.

Jambo lililonishangaza nilipokuwa chuoni ni kwamba GABA hutengenezwa kutokana na glutameti ileile. Kimeng'enya kimoja hunyofoa kipande cha glutameti, na kichocheo kinageuka kuwa kitulizo. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila vitamini B6, na hapa ndipo wauza virutubisho wanapopata pa kushikia. Ni kweli kwamba upungufu mkubwa wa B6 unaweza kumwangusha mtu. Tunaliona hilo kwa anayemeza isoniazidi nyingi kupita kiasi, ile dawa ya kifua kikuu, kwa sababu inaipora B6, na ndiyo maana wagonjwa wengi wa kifua kikuu hupewa na vidonge vya B6. Wapo pia watoto wachanga wachache mno ambao kifafa chao hutulizwa na B6 peke yake. Lakini kijana wa miaka 16 anayekula wali, maharage, ndizi na samaki, ambaye hatumii isoniazidi, hana sababu ya kudhaniwa kwamba amepungukiwa. Ama kuhusu vidonge vya GABA yenyewe, vinavyouzwa kwa bei ya kutisha, ikimezwa haivuki kwa urahisi ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Usimpe jirani pesa yako.

Tena wazo la kupungukiwa lenyewe halikai sawa. Katika baadhi ya familia zenye kifafa cha aina ninayoishuku kwa binti yako, hitilafu imekutwa kwenye kipokezi cha GABA, yaani mlango ambao GABA hubisha hodi, wala si kwenye kiasi cha GABA. Mlango ukiwa na kasoro, kuongeza wabisha hodi hakutibu kasoro hiyo.

Swali lako la pili ndilo zito, na naomba ulisome taratibu. Watu huzungumzia dawa za kifafa kana kwamba kuna kali na nyepesi, na ikishindwa moja wanataka iliyo kali zaidi. Sivyo zinavyofanya kazi, kwa sababu kila moja ina mlango wake. Fenobabitoni, ambayo daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alitangaza faida yake kwa kifafa mwaka 1912 baada ya kuwapa wagonjwa wa wodini kama dawa ya usingizi, huufanya mlango wa GABA ukishafunguka ubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Dayazepamu huufanya mlango huohuo ufunguke mara nyingi zaidi. Fenitoini, iliyojulikana kuzuia kifafa mwaka 1938, na kabamazepini hazina habari na mlango wa GABA. Hizo huziba njia za sodiamu ambazo chembe huzitumia kupiga umeme mfululizo. Levetirasetamu hushika protini iliyo kwenye vifuko vinavyohifadhi kemikali kabla hazijamwagwa mwanyani.

Kabamazepini ni dawa nzuri sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo kisha kusambaa, na nimewaona watu wengi iliowarudisha kazini. Lakini kipo kifafa ambacho tangu mwanzo hushika pande zote mbili za ubongo, na mojawapo ya aina zake huanza ujanani, kwa kawaida kati ya miaka 12 na 18. Dalili zake ni mishtuko ya mikono muda mfupi baada ya kuamka, vitu kudondoka, na kuanguka kukubwa hasa asubuhi baada ya kukosa usingizi. Ubongo uliokosa usingizi huchochewa kirahisi zaidi, na mkesha wa msiba umewafumbua macho wazazi wengi kabla yako. Katika kifafa cha aina hiyo kabamazepini inajulikana kuongeza mishtuko, na wakati mwingine kuleta hali ya kuduwaa kwa sekunde chache. Mwili haujaikataa dawa. Dawa yenyewe imebisha mlango usio wake.

Kuna maelezo mengine ambayo ni lazima niyaweke mezani kwa uaminifu. Kabamazepini huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunjavunja yenyewe, hivyo baada ya wiki tatu hadi tano kiwango chake katika damu hushuka ingawa mgonjwa hajakosa kidonge hata kimoja, na huenda dozi ikahitaji kupandishwa. Binti yako angekuwa ameanza kuanguka tena kama zamani, ningeanza na hilo. Lakini wewe unasema kuanguka kumekoma huku mishtuko ikiongezeka, na hali hiyo inanielekeza kwenye lile la kwanza. Mimi si daktari wa binti yako na sijamwona, kwa hiyo usibadilishe kitu kwa neno langu. Rudi hospitalini wiki hii hii, usingoje tarehe ya kliniki, na uende na vitu viwili. Cha kwanza ni daftari lenye tarehe, saa aliyolala, saa aliyoamka, idadi ya mishtuko na siku za hedhi. Cha pili ni video ya simu ya hiyo mishtuko. Sekunde 20 za video zitamsaidia daktari kuliko nusu saa ya maelezo yetu. Na hadithi ya vikombe aisimulie binti mwenyewe.

Mzaliwa wa Mahenge ameandika:

Nina swali linalokaribiana na hili. Kwetu Ulanga kifafa ni kingi kiasi kwamba daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapo watoto ambao badala ya kuanguka hutikisa kichwa kwa kukishusha, hasa wanapoona chakula, na wataalamu wamekuwa wakihusisha hali hiyo na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wa kando ya mito. Sasa kama chanzo ni minyoo ya usubi, au tegu wa nguruwe, au ajali ya bodaboda, kemikali zinaingiaje? Huku mjini naona kila anayeanguka anaambiwa amerithi au amerogwa, hakuna la katikati.

Mfamasia wa Zamu ameandika:

Swali zuri. Vyanzo ni vingi, ila njia ya mwisho inakaribiana. Kovu la ajali, kifuko cha tegu, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani: vyote hivyo vinaweza kuacha eneo ambalo chembe za kutuliza zimekufa au zimepungua na za kuchochea zimejipanga upya, na mizani ya GABA na glutameti pale inapotea. Ndiyo maana mtu wa tegu na mtu wa kurithi wanaweza kuanguka kwa namna moja. Hata hivyo mwenye kovu mara nyingi kifafa chake huanzia kwenye kovu, kwa hiyo huyo kabamazepini inaweza kumfaa vizuri kabisa. Nayasema haya ili asije mtu akasoma mada hii na kumwachisha ndugu yake dawa inayomsaidia.

Mama Pacha ameandika:

Mfamasia, naomba kuuliza kwa niaba ya mzazi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na mishtuko ya namna hiyohiyo, akapewa sodiamu valproeti na ikaisha ndani ya mwezi. Kwa nini usimshauri mzazi aiombe moja kwa moja badala ya kuzunguka? Halafu umetaja hedhi kisha ukapita. Mimi mwenyewe huanguka siku mbili kabla ya hedhi na kila mara naambiwa ni mawazo.

Mfamasia wa Zamu ameandika:

Mama Pacha, si mawazo. Homoni ya projesteroni hubadilishwa mwilini kuwa kemikali inayousaidia mlango wa GABA ufanye kazi vizuri zaidi, wakati estrojeni huelekea kuuchochea ubongo. Siku chache kabla ya hedhi projesteroni huporomoka, na kile kitulizo cha asili huporomoka nayo. Wanawake wengi wenye kifafa huona matukio yakijikusanya katika siku hizo. Andika tarehe kwa miezi mitatu, umpelekee daktari wako, kwa sababu kuna namna ya kurekebisha matibabu kwa siku hizo. Na kama unatumia kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze pia, maana vile vimeng'enya vya ini nilivyovitaja huvunja hata homoni za uzazi wa mpango, na mimba hupatikana bila kutarajiwa. Kwa anayetumia dolutegravir, ile dawa ya VVU, habari ni hiyohiyo: ni lazima daktari ajue kuhusu kabamazepini ili arekebishe dozi.

Kuhusu valproeti, nakubali kwamba kwa mishtuko ya asubuhi inafanya kazi vizuri sana. Iligundulika kwa bahati huko Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960: ilikuwa ikitumika tu kama kimiminika cha kuyeyushia kemikali nyingine zilizokuwa zikijaribiwa, na watafiti wakaona kwamba kila walichokiyeyushia humo kilizuia kifafa. Lakini mwanamke akipata mimba akiwa anaitumia, takribani mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, ikiwemo mgongo wazi, na watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa katika kukua kwa akili, kuongea au kutembea. Kwa mdogo wako wa kiume hesabu ni tofauti. Kwa binti wa miaka 16 mwenye miaka mingi ya uzazi mbele yake, madaktari hutafuta njia nyingine kwanza. Lamotrijini ni salama zaidi katika mimba, ingawa kwa baadhi ya watu nayo huongeza mishtuko, na levetirasetamu hutumika sana kwa hali kama hii.

Mwalimu wa Zamu ya Jumatatu ameandika:

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam na tuna wanafunzi wawili wenye kifafa. Nitaongeza kidogo tu. Mzazi aende shuleni azungumze na mwalimu wa darasa na matroni kabla mtoto hajaanguka mstarini. Shuleni kwetu, kabla hatujafundishwa, mwanafunzi akianguka wenzake walimnusisha kiatu, wengine walimmwagia maji, na mara moja mwalimu mwenzangu alimwingiza kijiko mdomoni akavunja jino. Sasa tunafanya hivi: tunaondoa madawati ya karibu, tunaweka sweta chini ya kichwa, tunamlaza ubavu ili mate yatoke nje, na mmoja anaangalia saa. Hatumshiki kwa nguvu wala hatumpi kitu hadi azinduke kabisa. Mfamasia, tulielekezwa kwamba dakika tano zikipita tutafute gari la hospitali. Kwa nini tano?

Mfamasia wa Zamu ameandika:

Kwa sababu tukio lililofika dakika tano bila kukoma lina uwezekano mdogo wa kujizima lenyewe, na sababu yake inarudi kwenye kemikali. Kadiri linavyoendelea, chembe huanza kuvivuta ndani vipokezi vyao vya GABA kutoka kwenye ngozi ya chembe. Dayazepamu inahitaji vipokezi hivyo viwe nje ili ifanye kazi. Sindano inayochomwa mapema inakuta milango mingi. Ikichelewa, dawa ileile kwa kipimo kilekile inakuta milango michache, na daktari analazimika kutumia dawa nyingine. Hivyo kwa foleni zetu ni vizuri gari lijulikane mapema ni la nani. Mwanafunzi akianguka mara ya pili kabla hajazinduka kutoka ya kwanza, msisubiri hata hizo dakika tano.

Mzazi wa Chanika ameandika:

Wanajukwaa, narudi na mrejesho baada ya wiki saba, na naomba radhi kwa ukimya.

Tulirudi hospitalini siku ya tatu baada ya maelezo ya mfamasia. Safari hii tulikutana na daktari mwingine, kijana, ambaye aliitazama video mara mbili bila kusema neno, kisha akamgeukia binti na kumuuliza: "Vikombe vingapi?" Binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike pale, akajibu kwamba ni sita, bila kuhesabu bilauri. Alimuuliza pia kama huwa anaduwaa darasani, jambo ambalo sisi hatukuwa tumeliona, na binti akasema kuna nyakati mwalimu anaposoma imla yeye hujikuta amerukwa na sentensi nzima.

Alifanyiwa kile kipimo cha umeme wa ubongo baada ya kutakiwa kulala saa chache usiku uliotangulia, na kilionyesha mawimbi yasiyo ya kawaida pande zote mbili. Daktari alimwanzishia levetirasetamu kwa dozi ndogo, akaipandisha hatua kwa hatua, na wakati huohuo akawa anaipunguza kabamazepini hadi ikaisha. Sasa ni siku ya 19 bila kabamazepini. Mishtuko imebaki mara moja tu kwa wiki, na wiki iliyopita haikutokea kabisa. Tumeambiwa pia kwamba kifafa cha aina hii mara nyingi huhitaji dawa kwa miaka mingi hata mtu akiwa hana dalili. Mama yake alilia aliposikia hivyo. Binti hakulia, aliuliza tu kama ataruhusiwa kuogelea, akajibiwa kwamba asiingie majini peke yake.

Yapo mawili bado yananisumbua. La kwanza ni kwamba amekuwa mkali. Mdogo wake akimgusia daftari anafoka kwa namna ambayo si yake. Je, ni dawa, au ni ujana? La pili ni usingizi. Daktari anataka apate usingizi wa muda wa saa nane kamili kila usiku, nami nikipiga hesabu ya daladala ya saa kumi na moja alfajiri naona haiwezekani, hasa mwakani atakapokuwa kidato cha nne na wenzake wanasoma hadi saa saba usiku. Shemeji, ambaye sasa ameacha habari za kusomewa, amejitolea kumpa chumba kwake Buguruni kwa siku za masomo, ila mama yake hataki amwache mbali na macho yake.

Naishi Nacho ameandika:

Mzazi, mimi ningempeleka Buguruni, ila baada ya kukaa na shemeji na kumfundisha ya kumlaza ubavu na kuangalia saa. Na chumba kisiwe na jiko la chini.

Mfamasia wa Zamu ameandika:

Hongera kwa daktari wenu. Ukali unaweza kuwa wa dawa, kwani levetirasetamu inajulikana kuwaletea baadhi ya watu hasira za haraka, na wachache hupata huzuni nzito. Mpigie daktari sasa, usisubiri kliniki, na siku akisema maneno ya kukata tamaa ya maisha umpeleke siku hiyohiyo. Mara nyingi kurekebisha dozi au kubadili dawa hutosha, lakini asiiache mwenyewe.

Kuhusu usingizi, kama atahamia Buguruni anaweza kuamka saa kumi na mbili asubuhi, na hapo taa ikizimwa saa nne usiku hesabu inatimia. Akiwa Chanika atalazimika kuingia kitandani saa mbili usiku. Mwonyeshe mama yake lile daftari la tarehe, atazame zile siku zenye mishtuko na saa aliyolala usiku uliotangulia, kisha muamue pamoja.